Ripoti ilikuwepo kwenye seva yetu, tukarudia jaribio wiki 6. Kosa ni la nani?

#1 Mtunza_Majalada

Wakuu habari. Niko upande wa nyaraka kwenye kampuni ya dawa, jina nalihifadhi. Mwezi uliopita wenzangu wa maabara walimaliza wiki 6 wakipima molekuli moja: inayeyuka kiasi gani kwenye asidi, kiasi gani kwenye maji, na unga wake ukiwekwa nyuzi 40 na unyevu wa asilimia 75 unakaaje. Ripoti ikasainiwa, watu wakapongezana.

Siku chache baadaye natafuta kitu kingine kabisa, nikakutana na ripoti ya miaka 11 iliyopita. Molekuli ileile, vipimo vilevile, seva yetu wenyewe. Haikufichwa wala haikupotea, ilikuwa imekaa tu kwenye folda yake.

Kinachoniuma ni kwamba kabla kazi haijaanza niliombwa nitafute kama kuna kitu cha zamani. Nilitafuta kweli, si kwa kulipua. Matokeo: sifuri. Kumbe ripoti ya zamani inaiita molekuli kwa msimbo uliotumika kabla kampuni mbili hazijaungana, na sisi tunatumia msimbo mpya. Jina jipya halimo humo hata mara moja.

Sasa naomba maoni ya waliozoea kazi hizi. Kosa ni la injini ya kutafutia, la waliobadilisha majina, au ni langu? Bosi ana jibu lake tayari, na mnalijua.

#2 Kiti_cha_Mbele

Nimeshakaa. Endeleeni.

#3 Bi_Faharasa

Pole mkuu. Mimi ni mkutubi wa tiba, miaka 14 sasa, na hiki ndicho ninachokula nacho kila siku.

Tatizo lako ni majina. Mtu akitafuta paracetamol akiwa hajui kwamba Wamarekani wanaandika acetaminophen, anakosa maandiko mengi. Salbutamol kule ni albuterol, adrenaline ni epinephrine. Hapo sijagusa majina ya biashara, ambayo dawa moja inaweza kuwa nayo kadhaa kwa kadhaa. Shirika la Afya Duniani limekuwa likitoa majina ya pamoja ya dawa tangu 1953 kwa sababu hiyohiyo, lakini tabia za watu haziondoki kwa tangazo.

PubMed, ile hifadhidata ya makala za tiba, haikupotezi sana kwa sababu nyuma yake kuna MeSH, orodha ya istilahi iliyopangwa kama mti. Ukiandika paracetamol, mfumo wenyewe unajua kichwa cha mada ni Acetaminophen na unakuletea vyote viwili. Seva ya kampuni yako haina kitu kama hicho. Inalinganisha herufi kwa herufi, basi.

Kwa hiyo hukukosea kutafuta. Hukuwa na kamusi ya kuunganisha msimbo wa zamani na mpya, na aliyepaswa kuitengeneza ni yule aliyeunganisha kampuni.

#4 Panya_wa_Maabara

Swali dogo kwa mleta uzi: huo msimbo wa zamani ulikuwa na herufi au namba ya ziada mwishoni? Kampuni nyingi huweka alama ya mwisho kuonyesha ni chumvi ipi ya molekuli, yaani imeunganishwa na asidi au besi gani. Usiseme "molekuli ileile" mpaka umeangalia.

#5 Kauli_Fupi

Bi_Faharasa, dawa moja majina mengi tunajua. Vipi dawa moja MISIMBO mingi, tena rasmi? Aspirini kwenye mfumo wa ATC ina N02BA01 ikiwa ya kutuliza maumivu, B01AC06 ikiwa ya kuzuia damu isigande, na A01AD05 ikiwa ya mdomoni. Ukihesabu matumizi ya aspirini kwa msimbo mmoja umepotea. Hiyo kamusi yako nayo itahitaji kamusi.

#6 Bi_Faharasa

@Kauli_Fupi ATC inapanga dawa kwa kazi yake mwilini, haitambulishi kitu. Ndiyo maana misimbo mitatu, wala si kosa. Kosa ni kuitumia kama kitambulisho.

#7 Mwana_InChI

Mnajisumbua na majina bure. Molekuli ina umbo, na umbo linaandikika. Kokotoeni InChIKey, herufi 27 pamoja na vistari, muiweke kwenye kila ripoti. Aspirini ni BSYNRYMUTXBXSQ-UHFFFAOYSA-N leo, kesho na hata kampuni ikiungana mara kumi. Haiombwi kwa mtu wala hainunuliwi, programu nyingi za kemia zinakutolea. Uzi ufungwe.

#8 Panya_wa_Maabara

Usifunge kwanza. Chumvi ya hidrokloridi na besi huru (isiyounganishwa na asidi) ya molekuli hiyohiyo zina InChIKey tofauti kabisa, hata kile kipande cha kwanza cha herufi 14 hakifanani, kwa sababu klorini imeingia kwenye hesabu. Kwa mwili wa mgonjwa dawa ni moja. Kwa kitambulisho chako ni vitu viwili visivyojuana.

Mleta uzi bado hujanijibu #4.

#9 Mwana_InChI

Sawa, unaondoa chumvi kwanza ndipo unakokotoa. Kila mtu anafanya hivyo.

#10 Panya_wa_Maabara

"Kila mtu" ndiye huyo aliyetufikisha hapa.

#11 Mzee_wa_Kadi

Vijana mnanifurahisha. Mimi nimetafuta maandiko ya tiba kwa vitabu vya karatasi, Index Medicus, majuzuu ya kuinua kwa mikono miwili. Ile kazi John Shaw Billings aliianza 1879, na toleo la karatasi lilisimama 2004. Ukitafuta humo ulijua wazi unatafuta miaka gani, kwa sababu mwaka umeandikwa mgongoni mwa kitabu na kitabu ambacho hujakifungua unakiona kwa macho pale rafuni. Kwenye kioo hukioni usichokifungua.

Kuna kisa kimoja kila anayefanya kazi hii angekijua. Mwaka 2001 Johns Hopkins, Ellen Roche, miaka 24, mzima wa afya, alijitolea kwenye utafiti wa pumu. Alivutishwa hexamethonium, dawa ya zamani ya shinikizo la damu, mapafu yakaharibika, akafariki. Mtafiti alikuwa ametafuta kwenye PubMed kama dawa ile ina hatari. Rekodi za wakati ule zilianzia 1966. Makala zilizotaja madhara kwenye mapafu zilikuwa za miaka ya 1950.

Sasa mtu asiniambie "nimetafuta nikapata sifuri" bila kuniambia ametafuta WAPI na kuanzia LINI.

#12 Kiti_cha_Mbele

Dah.

#13 Zamu_ya_Usiku

Mzee heshima yako, ila kisa kile si cha kutafuta peke yake. Uchunguzi ulikosoa na fomu ya ridhaa, ukakosoa na jinsi utafiti ulivyopitishwa. Tukisema "PubMed ilimuua" tunawasamehe wengine.

Pia mambo yamebadilika. Leo MEDLINE, sehemu kuu ya PubMed, inarudi nyuma hadi 1946.

#14 Mzee_wa_Kadi

@Zamu_ya_Usiku nakubali ya ridhaa. Lakini hizo rekodi za nyuma, fungua mojawapo uone. Nyingi hazina muhtasari, ni kichwa cha makala na mwandishi tu. Kama madhara yametajwa ukurasa wa nne na kichwa kinazungumzia shinikizo la damu, utaandika neno gani likuletee? Kuwemo kwenye hifadhidata ni jambo moja, na kupatikana ni jambo jingine.

#15 Mashine_Inajua

Nyinyi bado mnabishana habari za kadi na vichwa vya mada? Haya yote yameshatatuliwa. Mpe akili mnemba seva nzima isome, muulize kwa maneno yako, "je, kuna mtu amewahi kupima molekuli hii?", inajibu. Haihitaji jina sawa, inaelewa maana. Miaka miwili ijayo hakuna atakayejua MeSH ni nini.

#16 Zamu_ya_Usiku

Niliomba mojawapo ya hizo mashine makala za dawa fulani na figo. Ikanipa tano. Waandishi wapo kweli, jarida lipo kweli, mwaka na kurasa vimekaa vizuri, hata DOI, ile namba ya kutambulisha makala. Makala tatu kati ya hizo hazijawahi kuandikwa na binadamu yeyote. Nilipoiambia, ikaomba radhi kwa adabu na kunipa nyingine mbili za uongo.

#17 Mashine_Inajua

Hiyo ni ya kuuliza mashine kavu. Ukiifunga kwenye nyaraka zako ijibu kwa kunukuu kurasa zilizopo, hilo linapungua sana.

#18 Bi_Faharasa

Linapungua la kubuni. La kukosa je? Ikisema "hakuna" nitajuaje kwamba hakuna? Kunukuu ukurasa uliopo ni rahisi kukagua, ninaufungua. Kutokuwepo hakuna ukurasa wa kufungua.

Watafiti Blair na Maron walipima jambo hili 1985, kabla ya intaneti ya leo. Mawakili walikuwa na nyaraka kama 40,000 za kesi moja kwenye kompyuta. Waliamini wamepata angalau robo tatu ya zilizohusika. Walikuwa wamepata kama asilimia 20. Nao hawakuwa wavivu, walikuwa wameridhika. Vingi walivyovipata vilikuwa sahihi, ndiyo maana hawakuwa na sababu ya kushuku.

Natumia hizo mashine, nisionekane nazichukia. Nikitaka visawe vya ugonjwa zinanipa 30 kwa dakika, na kati ya hivyo 4 sikuwa navyo. Ila utafutaji wenyewe nauendesha kwa mkono na naandika kila hatua.

#19 Kauli_Fupi

Mimi niliwahi kutafuta mambo ya UKIMWI kwa Kiingereza nikaletewa vifaa vya kusikilizia vya viziwi. "AIDS" na "hearing aids". Nilisoma makala mbili kabla sijashtuka.

#20 Kiti_cha_Mbele

@Kauli_Fupi mbili??

#21 Kauli_Fupi

Zilikuwa nzuri.

#22 Panya_wa_Maabara

Vifupisho ni balaa. MS ni ugonjwa wa neva, ni mashine ya kupima uzito wa molekuli, na kuna wanaoandika hivyo wakimaanisha morphine sulfate. Kwenye ripoti moja nimewahi kuona zote tatu. Hiyo ya mwisho inaweza kuua mtu ikisomwa vibaya kwenye cheti cha dawa, kwa sababu wengine huandika MS wakimaanisha magnesium sulfate.

#23 Mpokea_Taarifa

Naingia kwa upande wa madhara ya dawa. Kazi yangu ni kusoma alichosema mgonjwa na kukiingiza kwenye MedDRA, kamusi ya istilahi za madhara, ili ripoti za dunia nzima zihesabike pamoja. Ngazi tano, juu kabisa makundi 27 ya mifumo ya mwili, chini kabisa maneno zaidi ya 80,000. Inabadilishwa mara mbili kwa mwaka.

Sasa sikilizeni. Mgonjwa anasema kwa Kiswahili: "Nikimeza napata kizunguzungu." Naandika nini? MedDRA ina neno la kichwa kuwa chepesi, kuyumba, na hilo liko kundi la mfumo wa neva. Ina neno jingine la kuhisi dunia inazunguka, na hilo liko kundi la sikio. Kizunguzungu chetu ni vyote viwili! Nisipompigia kumuuliza, "Mama, ulihisi unataka kuanguka au ulihisi nyumba inazunguka?", nachagua kwa kubahatisha. Mimi nikichagua neva na mwenzangu meza ya pili akichagua sikio, wagonjwa 10 wanakuwa watano huku na watano kule, na hakuna kengele inayolia.

Kwa hiyo siungi mkono kwamba kamusi ndiyo dawa. Kamusi tunayo, kubwa, ya kimataifa. Habari inapotea pale mtu mmoja anapochagua neno.

#24 Bi_Faharasa

@Mpokea_Taarifa umenipata. Lakini maneno ya mgonjwa yenyewe mnayahifadhi?

#25 Mpokea_Taarifa

Tunayahifadhi, yapo kwenye ripoti. Ila nani ameyatafuta? Watu wanahesabu misimbo. Na yameandikwa kwa lugha 20.

#26 Mtunza_Majalada

Jamani asanteni, nasoma vyote. @Panya_wa_Maabara nimekuona, ripoti ya zamani iko kwa mkono wa mtu mwingine leo, nitaangalia.

Nimegundua jingine. Hata kama ningeutumia msimbo wa zamani nisingeipata! Ile PDF ni picha tu, ilipigwa skani, haina maandishi ndani. Niliikuta kwa sababu nilifungua folda kwa macho.

#27 Mwana_InChI

Haaa! Kumbe mjadala mzima wa majina ulikuwa hewa.

#28 Bi_Faharasa

Si hewa, ni kufuli la pili kwenye mlango uleule.

#29 Zamu_ya_Usiku

Mkiisomesha mashine hizo picha muwe macho. Sisi tulisomesha majalada ya zamani, herufi ya mikro kwenye "10 µg" ikasomwa p. Ikawa "10 pg". Tofauti ni mara milioni moja. Na haikutoa kosa lolote, kwa sababu pikogramu nayo ni kipimo halali. Tuligundua mtu alipochora grafu na nukta moja ikaanguka chini ya karatasi.

#30 Msimbo_wa_Saba

Hiyo ya kubadilika kimyakimya inanikumbusha jeni na lahajedwali. Jeni iliitwa SEPT2, ukiifungua kwenye Excel inakuwa tarehe 2 Septemba. MARCH1 inakuwa tarehe 1 Machi. Watu walionya tangu 2004. Mwaka 2016 watafiti wakapekua viambatisho vya makala, wakakuta karibu moja ya tano ya makala zenye orodha za jeni kwenye Excel zina kosa hili. Mwisho wa yote, 2020 kamati ya majina ya jeni ikasalimu amri na kubadilisha MAJINA YA JENI, sasa ni SEPTIN2 na MARCHF1. Excel yenyewe ilikuja kuweka swichi ya kuzima jambo hilo 2023.

Yaani binadamu wamebadilisha jina la kitu kilichomo ndani ya mwili wao ili programu ya hesabu isikasirike.

#31 Kiti_cha_Mbele

Nimecheka kwa sauti kwenye kikao.

#32 Mzee_wa_Kadi

Na sasa anayetafuta SEPTIN2 asipojua SEPT2 anakosa ya nyuma. Tumerudi #1.

#33 Kauli_Fupi

Naomba kuuliza, namba za CAS, zile za kutambulisha kemikali, mbona hakuna aliyezitaja? Zina hadi njia ya kujikagua zenyewe.

#34 Panya_wa_Maabara

Kwa wasioijua: aspirini ni 50-78-2. Tarakimu ya mwisho ni ya ukaguzi. Chukua zilizobaki, 5-0-7-8, anza kulia: 8×1, 7×2, 0×3, 5×4. Jumla 42, tarakimu ya mwisho ni 2, imekubali. Ukikosea tarakimu moja, mara nyingi hesabu inakataa. Kafeini 58-08-2 jaribuni wenyewe.

Ila CAS inatolewa na shirika moja, na molekuli changa ya ndani ya kampuni kwa kawaida haina. Ikishatangazwa kwenye hataza (patent) ndipo inaipata, mara nyingi.

#35 Kiti_cha_Mbele

8+0+24+20 = 52. Imekubali! Leo nimejifunza kitu.

#36 Mchimba_Hataza

Mmetaja hataza, niingie. Kwenye hataza hali ni mbaya zaidi kwa sababu kule kuna watu WANATAKA usipate. Kuna uandishi unaitwa Markush, jina la mtu aliyepewa hataza ya namna hiyo 1924. Unachora kiini cha molekuli, halafu pembeni unaandika "R1 ni hiki au kile au kile, R2 ni chochote kati ya hivi". Ukizidisha uwezekano, dai moja linabeba molekuli mamilioni, na nyingi hazijawahi kutengenezwa na mtu. Hakuna jina la kutafuta, hakuna InChIKey, hakuna CAS. Unatafuta kwa kuchora umbo, kwenye mifumo ya kulipia, halafu unasoma kwa macho.

Kwa hiyo ndugu mleta uzi, wewe umeshindwa kupata kitu ambacho hakuna aliyekificha. Kuna sisi wengine.

#37 Mkaguzi_Mstaafu

Nimesoma yote bila kuchangia, ila naona mnazunguka jambo moja bila kuligusa.

Nimekagua viwanda na maabara miaka mingi. Mifumo ya nyaraka kwenye sekta hii haikujengwa kwa ajili ya mtafiti. Ilijengwa kwa ajili yangu mimi mkaguzi. Angalia sheria ya Marekani ya 1997 kuhusu kumbukumbu na saini za kielektroniki, angalia kanuni za uhalisia wa data: nani ameandika, lini, je inasomeka, je ni ya asili, je ni sahihi. Zote zinajibu swali la mtu aliyekuja na NAMBA mkononi: "Nipe rekodi ya bechi hii." Kwa hilo wako vizuri. Nimeletewa karatasi ya miaka 9 ndani ya dakika 12.

Mtafiti haji na namba. Anakuja na swali: "Kuna mtu aliwahi?" Hajui kama kitu kipo. Hakuna kanuni inayomlazimu yeyote kumjibu huyo, na hakuna kampuni niliyoandika dosari kwa sababu imerudia jaribio. Kurudia hakuvunji sheria. Kunakula pesa tu, na pesa si kazi yangu.

#38 Mtunza_Majalada

Mzee hii naiprinti nambandikie bosi mlangoni.

#39 Mashine_Inajua

Nakubaliana na #37 asilimia mia. Hapo ndipo mashine inafaa, kujibu "kuna mtu aliwahi?"

#40 Mchimba_Hataza

Mashine itasoma folda zipi? Kwenye kazi yangu ya zamani kila mradi ulikuwa na ukuta. Ukitafuta kitu usichoruhusiwa, mfumo haukwambii "kipo ila huruhusiwi". Unakwambia "hakuna matokeo". Sifuri ya kutokuwepo na sifuri ya kukatazwa zina sura moja. Na kuna sababu za msingi: siri za wagonjwa, mikataba na washirika, majaribio ambayo hayajafunguliwa nani kapewa dawa na nani kapewa kidonge kitupu. Hata kukwambia "kipo" ni kuvujisha.

@Mtunza_Majalada una uhakika siku ile ulipotafuta ulikuwa na ruhusa ya hiyo folda?

#41 Mtunza_Majalada

Aisee. Ruhusa yangu ilipanuliwa mwezi huohuo. Sina uhakika ilikuwa kabla au baada.

#42 Kiti_cha_Mbele

Kufuli la tatu hilo.

#43 Zamu_ya_Usiku

Mnasahau binadamu. Hakuna aliyewahi kupandishwa cheo kwa kutafuta vizuri. Ukifanya jaribio jipya una ripoti yenye jina lako. Ukikuta la zamani una barua pepe ya mistari miwili. Nimemsikia mkuu mmoja wa maabara akisema "tukitafuta sana hatutaanza". Na yasiyofanikiwa ndiyo hayaandikwi kabisa, au yanaandikwa na kulazwa.

Kwenye majaribio ya wagonjwa ilibidi watu washikwe shati. ClinicalTrials.gov, sajili ya majaribio hayo, ilifunguliwa 2000, lakini watu walianza kujiandikisha kwa wingi 2005 wahariri wa majarida makubwa walipokataa kuchapisha jaribio ambalo halikusajiliwa mwanzoni. Na dawa ya mafua ya Tamiflu, timu ya Cochrane, wanaopitia ushahidi wa tiba, ilipigania ripoti kamili kwa miaka. Mwaka 2014 walipotoa mapitio yao walikuwa wamepitia kurasa zaidi ya 160,000. Kabla ya hapo dunia ilikuwa inasoma makala za majarida za kurasa chache.

#44 Mzee_wa_Kadi

Kurasa 160,000 kwa macho. Hapo sasa hata mimi ningeita mashine.

#45 Bi_Faharasa

Niongeze upande wa furaha kidogo, uzi umekuwa mzito. Don Swanson wa Chicago, si daktari, ni mtu wa sayansi ya habari. Mwaka 1986 alisoma makala za mafuta ya samaki: yanapunguza mnato wa damu. Akasoma makala za ugonjwa wa Raynaud, ule wa vidole kupauka kwenye baridi: wagonjwa wana damu yenye mnato mkubwa. Makundi hayo mawili ya makala hayakunukuliana. Akaandika kwamba mafuta ya samaki huenda yakasaidia, na miaka michache baadaye jaribio la wagonjwa likaelekea kumuunga mkono. Aligundua kwa kusoma tu.

#46 Panya_wa_Maabara

Kizuri. Lakini angalia alichohitaji: mtu mmoja kusoma pande mbili. Kwenye kampuni yenye kuta za #40 Swanson angefukuzwa.

#47 Mtunza_Majalada

Wakuu nimerudi. Ripoti ninayo mkononi.

@Panya_wa_Maabara unastahili zawadi. Msimbo wa zamani una herufi B mwishoni. Nimeuliza waliokuwepo enzi hizo, B ilikuwa chumvi ya hidrokloridi. Sisi tumepima besi huru. Namba za kuyeyuka hazikaribiani hata kidogo.

#48 Mwana_InChI

Kwa hiyo HAMKURUDIA! Uzi kurasa tatu kwa jaribio ambalo halijarudiwa!

#49 Panya_wa_Maabara

#4 na #8. Nasema tu.

#50 Mtunza_Majalada

Subirini. Upande wa kuyeyuka ni kweli, ni kazi tofauti. Lakini ukurasa wa 17 kuna maelezo mafupi kwa mkono, pembeni: unga kwenye nyuzi 40 na unyevu 75 unageuka njano wiki ya tano, wanashuku kifungashio. Sisi wiki ya tano unga ukageuka njano. Watu wakapoteza siku 9 wakitafuta uchafu kwenye bechi. Kifungashio hakuna aliyekigusa mpaka mwisho.

#51 Mkaguzi_Mstaafu

Maandishi ya mkono pembeni yana saini na tarehe?

#52 Mtunza_Majalada

Saini ipo. Tarehe hapana.

#53 Mkaguzi_Mstaafu

Basi kwangu hayapo.

#54 Zamu_ya_Usiku

Na kwa mashine ya kusoma picha hayapo vilevile, mwandiko wa pembeni mara nyingi inauruka. Kitu cha thamani kuliko vyote kwenye ripoti nzima hakitafutiki kwa njia yoyote iliyotajwa humu.

#55 Mashine_Inajua

Za sasa zinasoma mwandiko.

#56 Mpokea_Taarifa

Zinasoma "njano". Anayetafuta ataandika "kubadilika rangi", "kuoza", "kutoimarika". Mimi hapo nimerudi kwenye kizunguzungu changu.

#57 Kauli_Fupi

Bosi amesemaje?

#58 Mtunza_Majalada

Bosi amesema, nanukuu, "kwa hiyo hukukosea, lakini safari ijayo tafuta zaidi."

Nimefanya la kwangu. Ripoti mpya nimeipa jina lenye msimbo mpya, msimbo wa zamani, ule wa zamani wenye B, na neno "njano". Mfumo umenikatalia, kichwa kisizidi herufi 64.

#59 Bi_Faharasa

Viweke kwenye sehemu ya maelezo.

#60 Mtunza_Majalada

Nimeviweka. Halafu nikatafuta kwa msimbo wa zamani nione. Sifuri. Nimewapigia watu wa mifumo, wanasema sehemu ya maelezo haimo kwenye utafutaji.